Jino moja la spoketi haliongezi nguvu ya injini

Kaa kijiwe chochote cha bodaboda hapa Chamwino kwa muda kidogo, halafu lalamika kwamba pikipiki yako haipandi na mzigo. Utapewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: "Punguza jino moja mbele, chombo kitapata nguvu." Wa pili, kama klachi inateleza: "Weka washa chini ya springi za klachi, itakaza." Unatolewa kwa uhakika, kama dawa ya kikohozi. Mimi nadhani ushauri huu nusu yake ni sahihi na nusu nyingine inamla mtu hela. Na aliyechukua pikipiki kwa mkataba hana siku ya kupoteza gereji, kwa sababu jioni hesabu inamsubiri palepale.

Tuanze na nusu iliyo sahihi, maana kuna wasomi wanapenda kuwacheka mafundi bila hata kuhesabu. Tuseme spoketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Ya mbele ikizunguka mara 3, tairi linazunguka mara 1. Weka meno 13 mbele: sasa inabidi izunguke mara 3.23. Msukumo unaofika kwenye tairi umeongezeka kwa asilimia 7.7 hivi. Mtu aliyefunga madumu matano ya maji, yaani kilo 100 kabla hujamhesabu yeye mwenyewe, anaisikia tofauti hiyo vizuri tu. Fundi hajadanganya alichokiona.

Lakini imetoka wapi? Imetoka kwenye kasi. Mizunguko ileile ya injini iliyokuwa inakupeleka kilomita 60 kwa saa sasa inakupeleka chini kidogo ya 56. Injini yenyewe haijaongezewa chochote. Ni kama mtaimbo mrefu unaponyanyua jiwe: jiwe linanyanyuka kirahisi, ila mkono wako umesafiri sana na jiwe limesogea kidogo.

Hapa lawama yangu haiendi kwa fundi, inaenda kwa neno lenyewe. Mtaani "nguvu" ni msukumo wa tairi, ni uwezo wa injini kufanya kazi kwa haraka, ni ukaidi wa springi, vyote kwa pamoja. Sekondari tunavitenganisha vizuri sana, lakini kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani. Ukishatoka darasani ukaingia gereji unarudi kwenye neno moja. Matokeo yake mteja anaambiwa "itapata nguvu", anaelewa kwamba injini itakuwa kubwa zaidi, na analipia spoketi kwa tatizo ambalo spoketi haliwezi kulitatua.

Hebu tupige hesabu ya mlima. Pikipiki, dereva na madumu yale, tuseme jumla kilo 290. Barabara inapanda mita 10 kwa kila mita 100. Kupanda kwa kilomita 20 kwa saa kunahitaji takriban kilowati 1.6 kwa ajili ya mlima peke yake. Mchanga na msuguano vinaongeza juu yake. Injini ya kawaida ya CC 150 kileleni inatoa kilowati 8 au zaidi. Kwa hiyo uwezo upo wa kutosha. Kinachokosekana ni injini kuzunguka kwa kasi inayoutoa uwezo huo. Dereva amebaki gia ya tatu, injini inaguguma, anafungua mafuta, hakuna kitu.

Sasa angalia hii. Kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kwa kawaida kunaongeza msukumo wa tairi kwa zaidi ya asilimia 30. Jino moja la spoketi ni asilimia 7.7. Gia ni bure, iko chini ya mguu wako! Jino moja lina maana kwa mtu ambaye hata gia ya kwanza haimtoshi, au anayeshinda kwenye njia za mchanga za vijijini na mzigo kila siku. Anayekula lami kwenda Dodoma mjini, kilomita 30 hivi, na abiria mmoja, anaizungusha injini zaidi kila kilomita bila faida yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likitajwa kijiweni. Uwanda huu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 10 takriban, na injini isiyo na tabo inapoteza uwezo kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Pikipiki iliyokuwa inapaa Kariakoo ikifika huku inaitwa "imechoka". Haijachoka. Inavuta hewa kidogo, na kabureta iliyopangwa kwa pwani inaweza kuwa inaipa petroli nyingi kuliko inavyohitaji.

Wenzetu wa nchi za theluji wanalichukulia jambo hili kwa uzito. Pikipiki zao za theluji hazina gia za kukanyaga. Zina puli mbili na mkanda, kama skuta za otomatiki unazoziona mjini. Puli ya mbele ina vizito vinavyosukumwa nje injini ikichanganya, vikipambana na springi. Puli ya nyuma ina springi yake na kipande cha chuma chenye mteremko uliojizungusha kama ngazi ya mnara. Mzigo ukizidi, mteremko ule unaibana puli ya nyuma na mkanda unarudi kwenye gia nyepesi wenyewe. Mteremko wa nyuzi chache unabana zaidi na unarudi haraka ukikuta mlima. Wa nyuzi nyingi unaachia mashine ikimbilie gia kubwa mapema. Wakienda milimani wanabadilisha vizito, kwa sababu hewa imepungua. Lengo ni moja tu: injini ibaki kwenye mizunguko inayotoa uwezo wake wa juu. Wanabadilisha kitu kimoja, wanasoma mita ya mizunguko, wanaandika. Bodaboda nyingi hazina hata mita hiyo, na fundi anabadilisha spoketi, springi na oili kwa mpigo, kisha hakuna anayejua kipi kimesaidia.

Turudi kwenye washa, kwa sababu hili ndilo linaloniudhi zaidi. Klachi inashika kwa mambo manne: jinsi springi zinavyokandamiza, msuguano wa pleti, ukubwa wake na idadi yake. Washa inagusa la kwanza tu. Pleti zikiwa zimelika, washa inaficha ugonjwa kwa muda. Mkono wa klachi unakuwa mgumu, waya unakatika mapema, na ukiibana springi kupita kiasi mizunguko yake inagusana kabla klachi haijaachia. Hapo kila gia unayoingiza inapiga kelele. Springi ngumu haitoi uwezo hata kidogo, inazuia tu ule uliopo usipotee kama joto, na hilo ni pale ambapo springi zenyewe ndizo zilizolegea.

Mara nyingine kosa liko kwenye oili. Klachi ya bodaboda inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano. Nzuri kwa gari, mbaya kwa pleti zako. Tafuta alama ya JASO MA kwenye kopo. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili.

Kabla hujalipia chochote, panda mlima ukiwa gia ya juu kuliko unayoitumia kawaida, fungua mafuta ghafla na usikilize. Sauti ikipanda huku kasi haipandi, klachi inateleza: kagua oili, kisha pleti, kisha urefu wa springi. Sauti ikishuka pamoja na kasi, klachi ni nzima. Shusha gia.