Filamu za Taharuki na Imani ya Watu juu ya Ufisadi wa Serikali

Wahenga walisema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa kila siku kuunga mkono uvumi, na aghalabu msemaji hukusudia nusu yake ya kwanza tu. Nusu ya pili ndiyo nzito, nayo haichunguzwi sana: kwamba jambo lisilokuwapo laweza kuja kwa sababu limesemwa. Katika insha hii nataka kuipima methali hiyo kwa filamu mbili za Marekani, moja ya mwaka 1976 na nyingine ya mwaka 1991. Zote mbili zasimulia uovu wa wakubwa wa serikali kwa njia ya taharuki, na zote mbili zimeaminiwa na watu wengi kama waaminivyo historia.

Ya kwanza ni *All the President's Men*, iliyoongozwa na Alan J. Pakula. Yahusu kazi ya Bob Woodward na Carl Bernstein, waandishi wawili vijana wa gazeti la Washington Post, baada ya watu 5 kukamatwa alfajiri ya tarehe 17 Juni, 1972, ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika majengo ya Watergate. Katika filamu hiyo mna mtu asiyetajwa jina, ambaye hukutana na Woodward usiku katika maegesho ya magari yaliyo chini ya ardhi. Uso wake umo gizani. Shauri lake lililo mashuhuri kuliko yote ni kwamba waandishi wafuate njia ya fedha.

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wangu nimekutana na shauri hilo zaidi ya mara moja, likinukuliwa kuwa ni maneno ya Mark Felt, ofisa mkubwa wa FBI, ambaye mwaka 2005 alijulikana kuwa ndiye mtu yule wa gizani. Siwalaumu wanafunzi hao, kwani wameuona mdomo ukisema. Lakini maneno hayo hayamo katika kitabu walichokitoa waandishi wale mwaka 1974. Yaliingia kwa mchezo wa filamu, ambao mtungaji wake ni William Goldman. Basi hapa methali imetimia: neno halikuwapo, likasemwa na mchezaji, likaja, likakaa katika historia kama mwenyeji.

Mtu aweza kuuliza, pana hasara gani? Shauri lenyewe ni jema, na fedha zilifuatwa kweli. Hundi ya dola 25,000, iliyotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa Rais Nixon, ilionekana katika akaunti ya benki ya mmoja wa wale waliokamatwa. Naam, lakini hasara haimo katika neno. Imo katika mahali liliposemewa. Mtazamaji afundishwa kwamba ukweli wa ufisadi hukaa gizani, kwa mtu mmoja ajuaye yote, na kwamba kazi ya raia ni kungoja mtu huyo anong'one. Mambo yaliyomwondoa Nixon hayakuwa hivyo. Yalikuwamo mashauri ya Jaji John Sirica. Ilikuwamo kamati ya Seneti chini ya Sam Ervin, ambayo mbele yake Alexander Butterfield alieleza waziwazi, mwezi Julai 1973, kwamba mazungumzo ya Rais ofisini mwake yalikuwa yakinaswa katika kanda. Ilikuwamo Mahakama ya Juu, iliyoamua tarehe 24 Julai, 1974, kwa kura 8 pasipo hata moja ya kupinga, kwamba kanda zile zitolewe. Tarehe 9 Agosti Nixon aliacha urais. Filamu yakoma Nixon akiapishwa mara ya pili Januari 1973, na yote yaliyofuata yafupishwa kuwa vichwa vichache vya habari vinavyopigwa na mashine.

Mtungaji ana haki ya kukoma apendapo, na sina budi kukiri kwamba kamati haina taharuki. Yafaa pia kumtendea haki Pakula. Katika filamu hiyohiyo mna mahali ambapo waandishi wale wameketi katika Maktaba ya Bunge, wakipekua vipande vya karatasi vya maombi ya vitabu, kimoja baada ya kimoja. Kamera yapanda juu, na juu zaidi, hata watu wale wawili wawe kama nukta. Kazi ile haikuwapa walichokitafuta. Kwa maoni yangu hapo ndipo filamu ilipoukaribia ukweli wa upelelezi wa ufisadi: karatasi nyingi, watu wadogo, na siku inayopita bila jibu. Lakini nani akumbuka karatasi? Watu wakumbuka maegesho.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, twamjua Bwana MSA na kiko chake, na twapenda akili ya mtu mmoja ifumbue fumbo lililowashinda wengine. Hadithi ya upelelezi imejengwa juu ya ahadi hiyo. Katika riwaya ahadi hiyo haimdhuru mtu, maana watuhumiwa ni wa kubuni. Dhara huanza pale mtuhumiwa anapokuwa mtu aliyezaliwa na mama.

Hili latuleta kwenye filamu ya pili, *JFK* ya Oliver Stone. Rais John F. Kennedy aliuawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba, 1963. Tume ya Jaji Mkuu Earl Warren ilisema mwaka 1964 kwamba Lee Harvey Oswald alitenda peke yake. Stone hakuianzisha shaka juu ya jambo hilo, kwani tangu mwaka 1963 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani waliamini kuwa palikuwa na njama. Alichowapa ni umbo la shaka yao. Alichukua filamu ya kweli iliyopigwa siku ile na Abraham Zapruder, akaiunganisha na picha alizozitengeneza mwenyewe, nyingine zisizo na rangi kama picha za zamani, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kutenga iliyoonekana na iliyodhaniwa. Shaka ilipokwisha kupata sura, watu waliiona kuwa ni kumbukumbu.

Sura hiyo ilikuwa ya Clay Shaw, mfanyabiashara wa New Orleans. Mwendesha mashtaka Jim Garrison alimkamata mwaka 1967 kwa kosa la kushiriki njama ya kumwua Rais. Tarehe 1 Machi, 1969, wazee wa baraza walijadiliana kwa muda usiotimia saa moja, wakamwona hana hatia. Filamu haiifichi hukumu hiyo. Lakini yaileta baada ya kumsikiliza Garrison karibu saa 3, naye ni shujaa, na mtazamaji huondoka akidhani kwamba mahakama ndiyo iliyodanganywa.

Hata hivyo, haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Kwa sababu ya kelele iliyoletwa na filamu hiyo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 1992 ya kukusanya na kufungua hati zote za mauaji yale, na Hifadhi ya Taifa ikakusanya kurasa zaidi ya milioni 5. Tume nyingi na vitabu vingi vya wataalamu havikuweza kulifanya hilo. Basi filamu moja ilimdhulumu mtu, na ikafungua makabati. Mhakiki asichague moja na kulifumbia macho jingine.

Hukumu yangu ni hii. Filamu ya taharuki hufaa iamshapo swali, na hudhuru ijifanyapo jibu. Yenye nguvu ya kutufanya tudai hati haina nguvu ya kuwa hati. Anayetoka katika sinema akitaka kusoma taarifa ya ukaguzi wa hesabu, au mwenendo wa kesi, amefaidiwa. Anayetoka akiamini kwamba wakubwa wote ni wezi na kwamba hapana karatasi inayoweza kuthibitisha lolote, huyo amewafaa wezi wenyewe, maana hatawauliza kitu.

Clay Shaw alifariki mwaka 1974, miaka 17 kabla ya filamu, asiweze kuijibu. Kumbukumbu za kesi yake zipo, na kila atakaye aweza kuzisoma. Nawataka wanafunzi wanaoandika juu ya filamu hii waanzie huko, kisha ndipo waingie gizani kutazama.