Mandabi kwenye diski: filamu nayo inaombwa makaratasi

Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa "rudi kesho na karatasi nyingine" anaijua tayari Mandabi, hata kama hajaiona. Ousmane Sembène wa Senegal aliitoa mwaka 1968. Jina lake limetokana na neno la Kifaransa mandat, ile hundi ya pesa ya posta ambayo wazazi wetu kule Kongo waliijua vizuri. Kijana Abdou anafagia barabara za Paris. Anamtumia mjomba wake Ibrahima Dieng, aliye Dakar, hundi ya faranga 25,000: za mjomba ni 2,000, za mama yake Abdou 3,000, na 20,000 mjomba amtunzie. Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Posta wanataka kitambulisho. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Manispaa wanataka tarehe ya kuzaliwa, na yeye anajua tu kwamba alizaliwa karibu mwaka 1900. Hiyo ndiyo filamu, saa moja na nusu hivi.

Sasa, wengi wetu hapa kambini tulianza kuijua kwa nakala mbovu ya kwenye flashi, iliyopita mkono kwa mkono mpaka ikachoka. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa uji. Nilipoiona kwenye diski ya Blu-ray nilielewa kwa nini kuna watu Ulaya na Marekani wanaotumia mishahara yao kukusanya filamu za zamani kwenye diski, rafu baada ya rafu. Kampuni kama Criterion huandika namba kwenye mgongo wa kasha, na kuna wakusanyaji wanaopanga kwa namba kama vitabu vya maktaba. Zamani nilidhani ni anasa tu. Anasa ipo, siyo uongo. Lakini bila watu hao kununua, nani angelipa kazi ya kuitoa Mandabi ghalani, kuisafisha na kuiuza upya mwaka 2021?

Kwa nini usafi wa picha ni muhimu hapa kuliko kwenye filamu ya ngumi? Kwa sababu Sembène anahadithia kwa vitu. Filamu inaanza na kinyozi, wembe juu ya kichwa, halafu wembe unaingia mpaka puani kwa Dieng, na kamera imekaa karibu sana. Kwenye ile nakala yetu unaona kichwa na mkono, basi. Kwenye diski unaona ngozi, unaona mzee anavyojiachia atunzwe, mwanaume anayejipenda na asiye na senti mfukoni. Ukishaona hivyo unaelewa kanzu zake pana, zilizopigwa pasi, anazovaa kwenda kuomba. Kwa DVD ya kawaida picha ina nukta 720 kwa 576, kwa Blu-ray ni 1920 kwa 1080. Namba hizo ukizisoma ni kavu, lakini ndani yake kuna kola ya mzee iliyochafuka kwa damu baada ya kupigwa pale kwa mpiga picha. Alikwenda kupigwa picha ya kitambulisho, wakala pesa yake, picha hakuna, na akiuliza anapigwa yeye. Ile damu kwenye flashi nilifikiri ni kivuli.

Niseme pia nisichokipenda. Sembène anamcheka Dieng kupita kiasi mahali pengine, hasa anapokula, na wake zake Mety na Aram, ambao ndio wenye akili ya nyumba, anawaacha jikoni wakati mambo yanaamuliwa. Na mwisho, baada ya yule ndugu msomi, Mbaye, kuchukua hundi kwa ujanja na kusema ameibiwa, mwenye barua anasimama na kutuambia kwamba nchi itabadilishwa. Hakukuwa na haja. Gunia la mchele ambalo Mbaye anampa mzee kama pole limeshasema yote.

Turudi kwenye diski, maana hapa ndipo kuna kichekesho. Dunia ya Blu-ray imegawanywa kanda tatu. Kanda A ni nchi za Amerika, Japani, Korea na Asia ya kusini-mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni Urusi, India, China na nyingine. Diski ya kanda moja huwa haichezi kwenye deki ya kanda nyingine, siyo kwa sababu imeharibika, ni kwa sababu wenye biashara walitaka iwe hivyo. Ndugu mmoja aliyepata safari ya Marekani alitutumia Mandabi aliyoinunua huko. Tukaipokea kwa furaha, tukaiweka kwenye deki ya kituo cha vijana, na kwenye skrini yakatokea maandishi ya kukataa. Deki yetu ni ya B, diski ni ya A. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini: filamu ya mtu anayekataliwa kwa kukosa karatasi, nayo imekataliwa dirishani! Tuliyoiona mwishoni ni ile iliyotoka Uingereza.

Wakusanyaji wanajua dawa, wananunua deki iliyofunguliwa kanda zote. Kwao "kuangalia nyumbani" maana yake ni nyumba, umeme usiokatika, sofa. Kwetu ni ukumbi wenye mabati, betri ya sola, na hesabu ya kama betri itafika mwisho wa filamu. Hata hivyo diski inatufaa kuliko intaneti. Haili bando, haiulizi namba ya kadi ya benki, na hakuna mtu wa mbali atakayeamka siku moja na kuiondoa.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Sembène alianza kama mwandishi wa riwaya, akaingia kwenye filamu kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma Kifaransa. Filamu zake za kwanza, Borom Sarret na La Noire de..., zinasema Kifaransa. Mandabi ndiyo aliyoipiga kwa Kiwolofu, na kwa sababu pesa zilitoka Ufaransa, akalazimika kuipiga pia kwa Kifaransa. Basi fikiria: mtu amepigana hivyo ili bibi wa Dakar asikie filamu kwa sikio lake, halafu kwenye diski yetu bibi wa Kivu anaambiwa asome maandishi ya Kiingereza.

Watu watasema, mleteni msimulizi. Huku Uganda VJ Jingo na wenzake wanatafsiri filamu kwa Kiganda, Tanzania alikuwepo Lufufu kwa Kiswahili, na mimi nawaheshimu, wamefundisha watu kupenda sinema. Lakini msimulizi wa kibandani anaogopa kimya. Dieng akinyamaza mbele ya karani, yeye anaweka utani. Na katika Mandabi kile kimya ndicho kinachouma. Kwa hiyo tulifanya hivi: msichana mmoja na mvulana mmoja waliandika maneno kwa Kiswahili kwanza, wakayasoma kwa sauti ya kawaida, na pale mzee anaponyamaza wakanyamaza.

Kwenye mambo ya mwaka wa kuzaliwa, mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti, "Ata miye balinitafutia mwaka tu." Ukumbi ukacheka, halafu ukatulia. Ukisoma karatasi za familia zetu, nusu ya vijana wangu walizaliwa tarehe 1 Januari. Na wangapi wamepokea pesa za ndugu kwa laini ya simu ya mtu mwingine, wakamwachia "kitu kidogo", au wakaambiwa hazijafika? Mbaye tunaye, hana haja ya suti. Mazungumzo yalikwenda mpaka betri ikazima taa.

Ninayoitaka sasa ni Sambizanga ya Sarah Maldoror, ya 1972, iliyopigwa Kongo-Brazzaville: mke anatembea na mtoto mgongoni, kituo hadi kituo, akimtafuta mume aliyekamatwa na Wareno huko Angola. Imo kwenye kasha la Criterion la 2022 pamoja na filamu nyingine tano. Ni kanda A. Mwenye deki isiyobagua, hata ya kuazima kwa Jumamosi moja tu, atuone kituoni.