Saa ya Vijiti Saba

Tarakimu zote kumi zinatoka kwenye vijiti saba tu vya mwanga. Viwashe vyote, umepata nane. Washa viwili vya kulia, umepata moja. Ubanifu huo unanipendeza mpaka leo, na ndiyo maana anayetaka kujifunza kuandika programu namshauri aanze na saa ya kizamani, ile ya nambari nyekundu, iwake pembeni mwa skrini ya kompyuta yake ya nyumbani.

Kila kijiti hupewa thamani: cha juu 1, cha kulia juu 2, kisha unazunguka kwa 4, 8, 16 na 32, mpaka cha katikati, 64. Mbili inataka cha juu, cha kulia juu, cha katikati, cha kushoto chini na cha chini kabisa. Jumlisha, ni 91. Nane ni 127. Mstari mmoja wa nambari kumi, na sura zote za saa zimo humo.

Kisha yanakuja mambo ya jicho, na hapo ndipo ufundi ulipo. Nambari zilale kidogo kuelekea kulia. Ncha za vijiti zichongwe zisigusane. Vilivyozimwa visipotee kabisa, vibaki na wekundu hafifu, kwa sababu bila kivuli hicho jicho halidanganyiki: linaona picha, halioni saa. Saa ya mkono ya Pulsar ya kampuni ya Hamilton, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1972, ilikuwa na mwanga mwekundu wa namna hii, na ilikula betri hata ikabidi mwenyewe abonyeze kitufe ndipo nambari ziwake. Ya kwetu inawaka kutwa, wala hewa ya chumvi ya pwani yetu haiilii nyaya.

Sekunde usizihesabu mwenyewe. Programu inayojiongezea moja moja huchelewa kidogo kidogo. Bora kila mara iiulize kompyuta. Ndani ya mashine kuna kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Gawanya kwa mbili mara kumi na tano, inabaki moja. Betri ndogo hukiweka hai hata umeme ukikatika. Na kuhesabu sekunde si jambo geni pwani hii. Hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, zilihesabiwa kurudi nyuma mpaka sifuri tarehe 12 Desemba 1970, roketi ikaondoka kwenye jukwaa la San Marco baharini na setilaiti iliyoitwa Uhuru.

Lakini raha kubwa ya kujitengenezea ni kwamba saa inasema saa zetu. Simu inaandika 7:00, mtu wa Watamu anasoma saa moja. Hesabu hiyo tunaifanya tangu utotoni. Sasa ifanye mashine: chukua saa ya kompyuta, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, andika baki; baki likiwa sifuri, andika 12. Malindi iko kama digrii tatu kusini ya ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, tofauti kama nusu saa hivi. Hapa, kuanza kuhesabu na jua ni jambo la busara kabisa.

Na siku je, igeuke lini? Kompyuta huigeuza saa sita usiku. Bibi wa Shela, Malindi, akikwambia arusi ni usiku wa Ijumaa, nawe ukaenda Ijumaa jioni, utakuta turubai limeshafunguliwa: siku yake ilianza magharibi ya Alhamisi. Nimemfuata bibi. Siku yangu hugeuka jua linapotua Malindi. Saa inaionyesha siku pia. Vijiti saba haviwezi kuandika M wala K, lakini siku zetu zenyewe ni hesabu: Jumamosi ni 1, Jumatano ni 5. Alhamisi nimeipa A, na Ijumaa J, maana I ingefanana na moja.

Sasa natengeneza nukta ya kijani, ya maji. Hori ya Kilifi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, basi hayakai kwenye saa ya kawaida. Umri wa mwezi ni rahisi kuuhesabu, siku 29 na nusu hivi, na bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ugumu ni kujua maji ndani ya hori yanabaki nyuma ya mwezi kwa kiasi gani. Wavuvi wanalijua hilo, nimeanza kuwauliza.