Lugha ya Kazi na Lugha ya Cheti

Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 imekubali lugha za taifa na za mazingira zitumike kufundishia. Kwa maandishi, ni sheria ya kusifiwa. Tuipime, basi, kwa kazi za Burungu, katika eneo la Masisi.

Nyakati za amani, riziki huko hutoka kwenye ng'ombe, jibini, viazi na maharagwe. Na huko Rubaya, kwenye machimbo ya koltani. Bei hupatanwa kwa Kiswahili, Kihunde au Kinyarwanda. Lakini mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari hufanywa kwa Kifaransa. Kijana akianguka, ameshindwa hesabu au lugha? Cheti hakisemi.

Nyerere alidai mwaka 1967 kwamba elimu ya msingi imtosheleze hata asiyeendelea. (Tanzania nayo imebakiza Kiingereza sekondari, tusimcheke jirani.) Ruhusa isiyogusa mtihani haimfikishi mwanafunzi kazini.

Katiba ya 2006 inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa katika siku 60. Walimu wa Burungu wangeanza kwa kuidai sheria hii yenyewe kwa Kiswahili.