Kuhifadhi na Kuhesabu: Lugha ya Somo la Uhifadhi Itazamwapo Kutoka Chechelesi

Kitenzi kuhifadhi kina maana mbili katika Kiswahili, na mtu aweza kuzisikia zote mbili kwa siku moja huko Chechelesi, katika Isiolo. Mtoto wa madrasa huambiwa amehifadhi juzuu, yaani ameiweka moyoni hata anaisoma bila ya msahafu. Na askari wa wanyamapori huambiwa anahifadhi wanyama, yaani anawalinda wasiuawe. Asili ni neno moja la Kiarabu lililobeba ulinzi na kumbukumbu pamoja. Vyuo vikuu vyetu vilipoanza kufundisha sayansi ya uhifadhi vilitwaa maana ya pili, vikaiacha ya kwanza mlangoni mwa madrasa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hasara iliyotokana na uchaguzi huo si ya lugha peke yake: imeingia katika hesabu zinazofundishwa, na kutoka huko imeingia katika ardhi ya watu.

Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na kiungo chao sokoni na barazani ni Kiswahili. Kaskazini yake ndiko kwenye nyanda za malisho ambako watafiti wa wanyama, nyasi na ukame huenda kuchukua vipimo vyao. Tumfikirie basi mwanafunzi aliyezaliwa Chechelesi akaenda chuo kikuu kusomea wanyamapori na uchambuzi wa takwimu za mazingira. Hufundishwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kisha hurudi nyumbani kuwahoji wazee kwa Kiswahili, kwa hojaji aliyoitafsiri mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Mitihani yake yote imepita mikononi mwa wasahihishaji. Tafsiri ile ya usiku, ambayo ndiyo mlango wa takwimu zake zote, haikusahihishwa na mtu.

Tuanze na jina hifadhi. Sheria ya Kenya hutofautisha mbuga ya taifa, ambayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mbuga za akiba kama Buffalo Springs na Shaba, ambazo zimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Na hifadhi ya jamii, ambayo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 huitambua kuwa ni ardhi iliyotengwa na wenyewe. Katika hojaji zetu zote tatu huitwa hifadhi. Mzee akiulizwa, "Je, unaiunga mkono hifadhi?" anajibu swali lipi? Huenda anajibu juu ya mahali alipofukuzwa na ng'ombe wake, au juu ya mahali anapopata karo ya mjukuu. Jibu lake huandikwa "ndiyo" au "hapana", likajumlishwa na mengine mia tatu, likawa asilimia.

Mnamo Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo, mojawapo ikiwa ni ya Biliqo Bulesa, zilianzishwa kinyume cha katiba, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sidai kwamba upungufu wa msamiati ndio uliozaa kesi hiyo. Kulikuwa na mambo mazito zaidi. Nadai tu kwamba mtu hawezi kusemekana kuridhia jambo ambalo halikutenganishwa na jirani zake kwa jina.

Katika uchambuzi wa takwimu mambo ni magumu zaidi, kwani huko maneno hujificha nyuma ya tarakimu. Neno takwimu lenyewe lina historia ya kufurahisha. Kwa Kiarabu ni kalenda, na pia ni kutathmini. Wazee wetu wa pwani walilijua kwa maana ya kalenda kabla halijawa hesabu za serikali. Nalitaja kwa sababu kule Isiolo kalenda na hesabu hazitengani. Waborana hugawa mwaka kwa ganna, mvua ndefu, na hagaya, mvua fupi, pamoja na kiangazi cha kati na kile kikali cha bona. Malisho hugawanywa kwa kufuata mgawo huo chini ya dedha, ambayo ni eneo la malisho na pia ni mamlaka ya wazee wanaolisimamia. Kuna malisho ya masika, kuna ya kiangazi, na kuna ya akiba ambayo hayaguswi mpaka ukame umezidi. Huko ndiko kuhifadhi kwa maana zote mbili: ardhi inalindwa kwa kuwa imewekwa moyoni.

Mwanafunzi wetu sasa afike na vyombo vyake katika malisho ya akiba wakati wa ganna. Hakuti ng'ombe. Katika jedwali lake ataandika neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni "haitumiki". Tarakimu ni sahihi kabisa, ila neno lililo juu ya safu ya tarakimu ni la uongo. Naye hawezi kulitambua kosa hilo kwa kutazama tarakimu zaidi. Angelitambua kwa kumwuliza mwenye dedha safu hiyo iitwe nani.

Mfano huu nimeubuni, lakini jambo la namna hii limetokea katika kipimo kikubwa. Mradi wa kuuza ukaa wa udongo wa nyanda za kaskazini ya Kenya, ambao hesabu zake zinaanza mwaka 2013 na kuhusu takribani hekta milioni 1.9, umejengwa juu ya wazo kwamba ulishaji usio na mpango unabadilishwa kuwa ulishaji wa mzunguko uliopangwa, na kwamba tofauti baina ya hizo mbili ni ukaa unaobaki ardhini. Wakosoaji, hasa katika ripoti ya mwaka 2023 iliyotolewa na shirika la Survival International, walihoji msingi huo. Mimi si mtaalamu wa udongo. Lakini "usio na mpango" ni maneno, na maneno ni kazi yetu. Mtu aijuaye dedha hawezi kuyaandika bila kwanza kuthibitisha kwamba dedha imekufa. Na katika hesabu ya namna hii kila kitu hupimwa kutoka pale maneno hayo yalipoweka sifuri.

Hali kadhalika ukijani. Setilaiti hupima mwanga mwekundu na ule wa infraredi unaoakisiwa na ardhi. Jani zima hunywa wa kwanza na kurudisha wa pili, na kwa tofauti hiyo hupatikana kielezo cha uoto. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hukitumia kupanga kaunti katika ngazi za ukame, na bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na kufika Isiolo mwaka 2013 imelipa kwa kufuata kielezo cha aina hiyo, wala si kwa kuhesabu mizoga. Ni elimu nzuri, na haina upendeleo wa kabila. Ila setilaiti huona kijani tu. Mathenge, mti wa kigeni uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 na baadaye kuenea mbali katika nchi kavu, hubaki na majani wakati nyasi zimekwisha. (Wakazi wa Baringo walioishitaki serikali mwaka 2006 kwa ajili ya mti huo walimpeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake, sijui hoja ya kitaalamu iliyowahi kuelezwa kwa ufupi zaidi.) Mchungaji ana maneno mbalimbali kwa kijani kinacholiwa na kisicholiwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba uoto ni uoto atapata kielezo kizuri mahali ambapo ng'ombe wanakufa, na mwenye ng'ombe aliyelipia bima ataambiwa hakuna ukame.

Sasa nigeukie upande wetu sisi wa idara za lugha, maana lawama yetu si ndogo. Kwa miaka mingi tumetunga istilahi, na kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilihitajiwa sana. Lakini orodha zetu zimejaa nomino. Sayansi ya takwimu haikai katika nomino. Inakaa katika namna ya kusema "twakisia", "huenda", "kwa kadiri tulivyoona". Tukitafsiri kwa kufuata neno moja moja twapata "kosa sanifu", na kosa kwa Mswahili ni la mtu aliyekosa. Mweleze mzee kwamba hesabu ya punda milia ina kosa sanifu, naye atauliza, kwa haki, aliyekosa amechukuliwa hatua gani.

Ichukuliwe hesabu ya punda milia wa Grevy, ambamo wenyeji na wageni hupiga picha za ubavu wa kulia wa mnyama na kompyuta humtambua kila mmoja kwa milia yake. Makadirio ya mwaka 2016 yalikuwa 2,350, na ya mwaka 2018 yalikuwa 2,812. Kiswahili kina sentensi mbili hapa: "Punda milia wameongezeka" na "Punda milia tuliowakadiria wameongezeka." Silabi chache tu ndizo zinazotenga habari za wanyama na habari za wapigaji picha, za maeneo waliyofika na siku waliyofika. Mwanafunzi anayeweza kuchagua baina ya sentensi hizo na kuutetea uchaguzi wake ameielewa takwimu. Asiyeweza amekariri kanuni tu, hata kama amepata alama ya juu.

Nitaambiwa kwamba majarida ya dunia ni ya Kiingereza, na ajira pia. Ni kweli, wala sipendekezi somo lote ligeuzwe. Walimu wa kulifundisha hivyo hawapo. Pendekezo langu ni dogo. Kila ripoti ya mafunzo ya nyanjani iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili usio tafsiri ya muhtasari, bali unaoeleza kitu gani kilihesabiwa, kiliitwaje na nani, na hesabu hiyo yaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani. Ukurasa huo usomwe barazani mahali zilipotolewa takwimu, mwalimu wa lugha akiwapo pamoja na mwalimu wa sayansi, na maswali ya wasikilizaji yaandikwe chini yake bila kuhaririwa. Utiwe alama kumi katika mia. Wenzetu wa sayansi wakiona ni nyingi, tuanze na tano.