Fuata Bomba

Kuna aina ya makala ambayo ukisoma tatu umesoma zote. Mmarekani au Mkanada amechoka na baridi na bili za hospitali, ameuza nyumba, amehamia Costa Rica, na sasa anatuandikia maisha ya huko. Aya ya kwanza ni kasuku au nyani aliyemwamsha. Ya pili ni "pura vida", neno la Watiko ambalo linaweza kuwa habari yako, poa, asante au tutaonana. Halafu inakuja stima inayotoka kwa maji, upepo na mvuke wa ardhini, nchi isiyo na jeshi tangu 1948, na wali uliokaangwa na maharagwe, gallo pinto, kila asubuhi. Kabla hujachoka anakueleza kwamba karatasi ya choo haitupwi chooni, inawekwa kwa pipa la kando. Mwishoni amejifunza kupunguza mwendo.

Mimi hupenda kuzisoma, na sisemi kwa kejeli. Nazijua pia kwa ndani. Nilipoachana na chuo, kazi ya kwanza iliyonilipia kodi ya nyumba Roysambu ilikuwa kuwaandikia wateja wa ng'ambo kwa senti za dola kwa kila neno. Wenzangu wa kazi hii mnajua. Leo unaandika magodoro, kesho unaandika jinsi ya kustaafu Guanacaste. Niliandika nne za Costa Rica, na mteja alirudisha moja tu, akitaka kasuku waongezwe. Sasa, kama msee wa Roysambu anaweza kuiandika hiyo asubuhi ya msituni mpaka mteja akalipa, basi anayeandika si mtu, ni fomula. Na fomula ina macho yake. Kuna vitu inaona kila mara, na kuna vitu haioni hata ukiviweka mbele yake.

Inachokiona, inakiona vizuri, tuwe wa haki. Chukua anwani. San José, mji mkuu, watu huelekezana kwa alama, si kwa jina la barabara na namba ya nyumba. Unaambiwa mita 200 kusini ya ule mkuyu wa zamani wa San Pedro, na mita 100 maana yake ni kitalu kimoja cha majumba hata kama ukipima si mia. Mkuyu wenyewe ulishaondoka kitambo, lakini anwani bado zinaanzia hapo. Mgeni anaona hii ni ajabu na anaiandika kwa mapenzi. Sisi wa Nairobi hatushangai. Tuna stage ya Fig Tree pale Ngara, na ya Odeon mjini inayobeba jina la sinema ambayo vijana wengi wanaoshukia hapo hawajawahi kuingia. Mgeni anapoandika vitu vya ukubwa huu, vya kupotea na kuuliza njia, makala inapumua.

Shida inaanzia chooni. Kila mmoja anaieleza ile karatasi: mabomba ni membamba, yanaziba. Katika zote nilizosoma sijakutana na mwandishi aliyeuliza bomba linaenda wapi. Tulifuate. Nyumba nyingi nchini humo zina shimo la majitaka uani. Mjini, kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya majitaka iliingia mitoni bila kusafishwa, na kiwanda kikubwa cha kuyasafisha, Los Tajos, kilianza kazi 2015 tu. Mito ya bonde la mji, Virilla na wenzake, inaishia kwenye mto Tárcoles, ambao kwa miaka umekuwa ukitajwa miongoni mwa mito michafu zaidi Amerika ya Kati. Unamwagika Pasifiki. Na kabla haujafika baharini unapita chini ya daraja maarufu, pale watalii husimamisha gari kupiga picha mamba wakubwa wakiota jua kwenye tope. Daraja hilo limo kwenye makala karibu zote. Mamba wana aya yao. Maji wanayolalia hayana.

Sisemi sifa za Costa Rica ni feki. Miaka ya 1980 misitu ilikuwa imebaki kama robo ya nchi, na leo imerudi zaidi ya nusu. Ni jambo kubwa. Lakini angalia limefanyikaje. Sheria ya misitu ya 1996 ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba au malisho, kisha ikaanza kuwalipa wenye ardhi wanaouacha mti usimame, na sehemu ya pesa hiyo hutoka kwenye ushuru wa mafuta. Mwenye gari anamlipa mwenye msitu. Hiyo ni kazi ya wabunge, makarani, wapima ardhi na watoza ushuru. Kwenye makala ya mgeni kazi yote hiyo inageuka kuwa tabia: Watiko wanapenda mazingira, basi. Siasa imekuwa hulka, na hulka haihitaji kuelezwa, inahitaji kupigwa picha.

Fikiria mtu aandike hivyo kutuhusu. Aje Nairobi, akose mfuko wa plastiki dukani, aandike kwamba Wakenya ni watu wapole wanaopenda ardhi yao. Tutacheka mpaka tukohoe. Mifuko ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na kulikuwa na faini ya hadi milioni nne na jela hadi miaka minne. Mama mboga hakuamka siku hiyo akiwa mtakatifu. Alikuwa anaogopa askari, na gharama ya kifungashio kipya aliibeba yeye. Kila sera ya kijani ina mtu anayeibeba mgongoni, na ndiye wa kwanza kukatwa kwenye makala.

Costa Rica, mtu huyo mara nyingi ni Mnikaragua. Yeye huchuma kahawa na hufanya kazi kwenye mashamba ya mananasi. Nchi hiyo inaongoza duniani kwa kuuza nje mananasi mabichi, na upande wa Karibi, Siquirres, kuna vijiji kama Milano na El Cairo ambavyo maji yao yaliingiwa na dawa ya magugu, watu wakaletewa maji kwa malori mwaka baada ya mwaka. Dawa hiyo, bromacil, ilipigwa marufuku 2017. Kwenye makala ya mgeni nanasi limekatwa tayari, liko kwenye sahani, na Mnikaragua ni mkata nyasi mwenye tabasamu.

Waandishi wa Costa Rica wenyewe walilijua hili mapema. Carlos Luis Fallas alifanya kazi kwenye mashamba ya ndizi, akawa miongoni mwa viongozi wa mgomo mkubwa wa 1934, na mwaka 1941 akatoa riwaya ya Mamita Yunai. Hiyo Yunai ni United Fruit Company ikitamkwa na mdomo wa mfanyakazi. Karibu miaka hamsini baadaye Anacristina Rossi akaandika La loca de Gandoca, yaani kichaa wa kike wa Gandoca. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Mwanamke anapigania hifadhi ya pwani ya Karibi dhidi ya wajenzi wa hoteli, na adui yake mkubwa si msumeno, ni ofisi. Barua, vibali, mihuri, waziri anayehutubia kuhusu mazingira na kusaini kitu kingine. Rossi mwenyewe alikuwa kwenye mapambano ya hifadhi hiyo, Gandoca-Manzanillo. Ukimaliza riwaya hiyo, neno "kijani" haliwi tena rangi. Linakuwa ugomvi ambao watu wanashinda na kushindwa.

Na wengine wanakufa. Jairo Mora Sandoval alikuwa akilinda mayai ya kasa kwenye ufuo wa Moín usiku alipotekwa na kuuawa, tarehe 31 Mei 2013. Alikuwa na miaka 26. Sergio Rojas, kiongozi wa Wabribri aliyekuwa akidai ardhi ya watu wake, alipigwa risasi nyumbani kwake Machi 2019. Mimi niko kwenye umri wa Jairo. Nikisoma tena makala ya kasa wanaotaga chini ya mbalamwezi, nauliza nani alishinda macho usiku ule ili mgeni apate mbalamwezi yake.

Mtu atasema nawachukia wageni. Hapana. Mwaka 1951 familia za Wakweka kutoka Alabama zilihamia Monteverde. Walikataa vita na baadhi yao walikuwa wamefungwa kwa kukataa kuandikishwa jeshini, kwa hivyo wakachagua nchi iliyokuwa imevunja jeshi lake. Walifuga ng'ombe, wakatengeneza jibini, na wakaacha sehemu ya msitu wa juu bila kuigusa kwa sababu moja rahisi: maji yao yalitoka huko. Msitu huo ukawa sehemu ya hifadhi inayojulikana leo duniani. Walikuwa wageni, lakini waliuliza maji yanatoka wapi.

Sitaki mgeni anyamaze. Ninachodai ni kipimo. Binyavanga Wainaina alishatuonyesha mwaka 2005, kwenye insha yake ya Granta kuhusu kuiandika Afrika, jinsi fomula inavyomla mwandishi. Fomula ya leo ina adabu zaidi. Haituiti washenzi, inatusifu. Inatusifu sisi na miti yetu kwa sauti moja, kisha inapandisha kodi. Costa Rica ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuwakaribisha wanaofanya kazi kwa laptopu, wenye kipato cha dola 3,000 kwa mwezi, na kuwasamehe kodi ya mapato. Kenya nayo sasa ina kibali cha watu hao. Makala za Kilifi na Watamu zinaandikwa tayari: kasuku ametoka, mbega ameingia; pura vida imetoka, pole pole imeingia.

Nyingine zitaandikwa na sisi, kwa senti za dola kwa neno, tukiwa Roysambu. Ukipewa hiyo kazi, ifanye, kodi hailipwi na msimamo. Lakini kwenye aya ya mnazi na upepo, ingiza sentensi mbili: tangi la juu ya ile nyumba ya wageni linajazwa na maji kutoka wapi, na dada anayefua mashuka yake huchota wapi ya kwake. Mteja akizikata, utajua alikuwa ananunua nini.