Sifa za Mkono Wenye Hadhari

Mwezi Machi mwaka 1911, jeshi la Marekani lilipokuwa likitafuta bastola mpya, bastola ya Colt aliyoibuni John Moses Browning, mwana wa fundi wa bunduki wa mji wa Ogden katika jimbo la Utah, ilifyatuliwa risasi 6,000 bila ya kukwama hata mara moja, na tarehe 29 ya mwezi huo huo ikakubaliwa rasmi. Na aghalabu ya wanaoisifu hadi leo huisifu kwa ustahimilivu huo. Mimi nataka kuisifu kazi nyingine, ambayo haiandikwi katika madaftari ya majaribio, nayo ni kazi ya mkono unaoishika bastola ile, ukaijaza, ukaifunga, ukaifungua na kuitoa risasi, na hatimaye pasitokee jambo lolote la kusimuliwa.

Chombo chenyewe kinataka adabu. Uzito wake hukaribia kilo 1.1 kabla hakijatiwa risasi saba katika magazini yake, na nyundo yake imesimama nje, nyuma ya slaidi, mahali ambapo kila mwenye macho huiona. Upande wa kushoto, pale kidole gumba cha mtumia mkono wa kulia kinapofika bila ya kutapatapa, kipo kizuizi cha usalama. Na nyuma ya mpini kipo kizuizi cha pili, ambacho hukifunga kifyatulio mpaka kiganja kiubane mpini sawasawa. Kile cha kidole gumba hakikuwapo katika mfano wa mwaka 1910. Kilitiwa kwa haja ya askari wapanda farasi, kwani mtu aliyeshika hatamu kwa mkono mmoja na bastola iliyokokiwa kwa mkono wa pili, na farasi wake ameshtuka, hana mkono wa tatu wa kuishushia nyundo taratibu, na kuirudisha silaha katika ala ikiwa katika hali ile ni kuutafutia mguu wake msiba.

Uzuri wa kizuizi hiki ni kwamba hakikubali kupanda ila nyundo iwe imekokiwa. Mwenye kuijua bastola hii, akikitupia jicho mara moja tu na kukiona kiko juu, ana yakini kwamba nyundo iko tayari na slaidi imefungika. Lakini chuma hicho hakimwambii kama ndani ya chemba mna risasi au hamna, na hapo ndipo ustadi unapoanza.

Tuitazame saa ya kuitoa risasi, maana ndiyo saa ya mtihani. Kizuizi kikiwa juu slaidi haivutiki. Sharti kishushwe kwanza ndipo chemba ifunguliwe. Basi katika dakika ile ile ambayo mtu anataka kuiondolea bastola hatari yake, hana budi kuiondolea kwanza kinga yake, na kwa kuwa kiganja kimekwisha kuubana mpini, hata kizuizi cha pili kimelala. Kwa muda huo mfupi hapana kitu baina ya risasi na viumbe ila mwelekeo wa mdomo wa mtutu, na kidole cha shahada kilichonyooshwa ubavuni mwa bastola, mbali na kifyatulio. Mtu stadi huanza na mtutu: huuelekeza mahali ambapo risasi ikitoka kwa bahati mbaya itazikwa na mchanga, wala hauondoi hapo mpaka kazi imekwisha. Kisha huichomoa magazini. Kisha, na si kabla, hukishusha kizuizi, akaivuta slaidi nyuma mpaka mwisho, na risasi iliyokuwa chembani akaiacha iruke na kuanguka inapotaka, maana kuidaka kwa kiganja ni ubingwa wa kitoto. Huifunga slaidi ikae wazi, hutazama ndani ya chemba, na penye giza hutia ncha ya kidole kidogo akapapasa. Mpango huu haugeuzwi. Mwenye kuivuta slaidi kabla ya kuichomoa magazini huiona risasi moja ikiruka, moyo wake ukatulia, asijue kwamba slaidi iliporudi ilibeba nyingine na kuitia pale pale ilipotoka ya kwanza. Bastola zilizoapiwa kuwa tupu zimekwisha kuua watu wa kila taifa.

Ama kuishusha nyundo kwa kidole gumba huku risasi imo chembani, sioni sababu yake. Ni kweli pini inayoigonga fataki katika bastola hii ni fupi kuliko tundu lake, hata nyundo iliyolala haiisukumi ikaigusa risasi. Lakini ili nyundo ifike pale, sharti kifyatulio kivutwe kwa makusudi, na dhamana pekee iliyobaki ni kidole ambacho huenda kimelowa jasho au mafuta. Anayetaka nyundo ilale, na aitoe risasi kwanza.

Jeff Cooper, aliyefungua chuo cha bastola huko Arizona mwaka 1976, alikuwa mtu wa maneno makali, na si yote ninayoyaridhia. Lakini kanuni zake nne hazina mshindani: kila silaha ihesabiwe kuwa imejazwa. Mtutu usipite juu ya kitu usichokuwa radhi kukiangamiza. Kidole kisikiguse kifyatulio mpaka jicho limekwisha kuipata shabaha. Na shabaha yenyewe ijulikane, pamoja na kilicho nyuma yake. Katika hizo nne, kizuizi hakikutajwa. Wala si kwamba alikidharau, kwa maana yeye mwenyewe alipendelea bastola hii ichukuliwe nyundo ikiwa imekokiwa na kizuizi kikiwa juu. Ila chuma huchakaa. Kijino kinachoishikilia nyundo hulika, au fundi mwenye ghururi hukichonga kupita kiasi ili kifyatulio kiwe chepesi, na kizuizi kikaendelea kupanda na kushuka kwa mlio wake ule ule wa kuridhisha. 

Adabu hii ya hadhari hudhihiri watu wawili wanapopeana bastola. Mtoaji huichomoa magazini, huifungua slaidi, hutazama, hupapasa, kisha huitoa ikiwa wazi, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Mpokeaji, ingawa ameyaona yote kwa macho yake mawili, naye hutazama na kupapasa upya, kama nahodha anavyozikagua kamba alizozifunga baharia wake mwaminifu. Na mtoaji mwenye murua haoni kuwa ametiliwa shaka. Anayenuna kwa sababu hiyo, mimi simkabidhi bastola, hata awe ameishika kwa miaka mingapi.